Bwawa la bustanini: pampu iacheni kwanza dukani

Swali: "Habari za kazi. Nataka kuchimba kabwawa kadogo nyuma ya nyumba, kama mita 3 kwa 2 hivi, kina bado sijajua. Niweke samaki wachache, maua ya maji, na pembeni kamaporomoko ka mawe. Fundi anasema bila zege hakuna bwawa, jirani anasema turubai zito linatosha, na mume wangu ameshaipenda pampu moja boksi limeandikwa lita 3000 kwa saa, anataka ainunue wiki hii. Nina mtoto wa miaka 3. Ninunue nini kwanza na nini nisinunue kabisa?"

Nzuri dada. Naona hapo kwako kila mtu anavutia kamba upande wake, fundi na zege lake, jirani na turubai, shemeji na pampu. Ntaanza na shemeji manake yeye ndo yuko karibu kutoa hela: mwambie aiache kwanza. Sio kwamba ni mbaya, siijui hata ni ya aina gani, ila pampu ndo kitu cha mwisho kuchagua kwenye bwawa na watu karibu wote wanaanza nayo kwa sababu ndo inayovutia dukani. Huwezi kuichagua kama hujui maji yako ni lita ngapi na yanatakiwa kupanda juu kiasi gani, hayo mawili yanatoka kwenye shimo, na shimo linatoka kwenye samaki. Kwa hiyo tunaanza na samaki.

"Samaki wachache" ni maneno yanayoficha mengi. Kama ni wale wa dhahabu wa kawaida, sita au nane, bwawa lako linawatosha vizuri. Kama moyoni ulikuwa unawaza koi, wale wakubwa wa madoa mekundu na meupe, naomba uachane nao mapema. Koi akilishwa vizuri anafika sm 60 na kuzidi, anakula kama ng'ombe na anachafua kama ng'ombe, anataka kina cha mita 1.2 kwenda chini na maji mara mbili tatu ya hayo utakayokuwa nayo. Watu wanamnunua akiwa urefu wa kidole, baada ya miaka michache wanatafuta pa kumpeleka. Mi nimeshaletewa koi na watu watatu tofauti, sa hivi nakataa.

Kwa samaki wa dhahabu chimba sm 80 pale katikati. Bwawa la sm 40 linapata moto mchana na kupoa usiku haraka haraka, samaki wanahangaika, na maji ya moto ndo yanayobeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja inashika kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 inabaki kama 7 na nusu, na kwenye joto hilohilo samaki anahema zaidi, yani mahitaji yanapanda huku akiba inashuka. Na kama unakaa sehemu ya baridi inayogandisha maji, kina ndo kinachowaachia samaki pa kukaa chini ya barafu. Pembeni acha ngazi, upana sm 30, kina sm 25 hivi, ya kuwekea vyungu vya mimea. Kuta zisisimame wima kabisa, ziiname kidogo ili udongo usiporomoke unapochimba, lakini pia zisilale kama sahani manake utapoteza maji mengi na ndege watakushukuru, wanaingia wanatembea mpaka kwa samaki.

Hesabu sasa. 3 mara 2 mara 0.8 unapata 4.8, yani lita 4800, ila hilo ni boksi. Bwawa lenye kona za mviringo na ngazi linapungua kama robo au moja ya tano, kwa hiyo tushike lita 3700. Hiyo namba iandike mahali, ndo itaamua filta, pampu, dawa ya kuondoa klorini, hata idadi ya samaki. Na siku ya kujaza kwa mara ya kwanza soma mita ya maji kabla na baada, hapo unapata namba halisi bila kubahatisha.

Tuje kwa jirani. Turubai ni nyuzi za plastiki zilizofumwa zikapakwa ngozi nyembamba juu na chini, na hiyo ngozi ndo inayozuia maji. Ukilikunja kwenye kona za bwawa ngozi inapasuka kwenye mikunjo, na pale ukingoni jua linapolipiga kila siku linaanza kuchanika kama karatasi. Kufunika mzigo mvua isilowanishe, sawa, kushika tani tatu na kitu za maji usiku na mchana, hapana. Hivohivo ile nailoni nyeusi wanayotandika chini ya sakafu, haikutengenezwa kukaa juani na kajiwe kadogo tu kanaitoboa. Ntakiri kitu hapa. Bwawa langu la kwanza nililitandika hiyo nailoni, tena mara mbili, nikajiona mjanja. Kila asubuhi nilikuwa naongeza ndoo mbili nikijidanganya ni jua linanyonya, mpaka siku nimesimama pembeni nikaona majani ya upande mmoja wa bwawa yamestawi kijani kibichi na ya upande mwingine yamekauka. Nilikuwa namwagilia bustani mwezi mzima bila kujua.

Fundi naye hajakosea sana, zege lililopigwa sawasawa linadumu, shida yote iko kwenye hiyo "sawasawa". Linataka unene wa sm 10 mpaka 15, wavu wa chuma au nondo ndani, limwagwe lote siku moja bila kuunganisha la jana na la leo, afu limwagiliwe angalau wiki nzima lisikauke kwa pupa. Kama udongo wako ni ule mfinyanzi unaopasuka wakati wa ukame na kuvimba mvua ikinyesha, ardhi inacheza na zege halijui kucheza, linakatika, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kukushushia maji kila siku. Halafu kuna chokaa: saruji mbichi inapandisha pH ya maji (kile kipimo cha tindikali, 7 ndo katikati) mpaka 11 au 12 wakati samaki anataka kati ya 6.5 na 8.5, kwa hiyo unajaza, unaacha siku kadhaa, unamwaga, unajaza tena, mara tatu nne, unapima kwa vile vikaratasi vya pH, na bado unatakiwa upake rangi maalum ya kuziba. Kama fundi kakaza shingo mpe kazi ya kukujengea ukanda wa zege kuzunguka ukingo, upana wa sm 15 hivi, hapo zege linasaidia kweli kwa sababu linashika mawe ya pembeni na ukingo hausogei. Shimoni tuweke laina.

Laina ni shiti moja nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwawa. Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya mpira, inaandikwa EPDM, ukiishika ni kama tyubu ya baiskeli, inavutika, inakubali kukunjwa kwenye kona, ya unene wa milimita 1 ikifunikwa vizuri inapita miaka 20. Ya pili ni PVC, nyepesi, ya milimita 0.5 ndo unaikuta sana, inafaa kwa bwawa dogo lakini jua linaikausha ikawa ngumu, kwa hiyo ukingo wake usibaki wazi hata kidogo. Ya tatu HDPE, hiyo ni ngumu kama ndoo, wanaitumia kwenye mabwawa makubwa ya umwagiliaji ambako wanaiunganisha kwa mashine ya moto, kwenye kishimo chenye kona na ngazi kama chako itakusumbua tu, haikai, inatuna. Mimi kwako ningenunua EPDM ya milimita 1 bila kufikiri mara mbili, na kama hela ni ndogo ningepunguza ukubwa wa bwawa kabla sijapunguza ubora wa laina. Pampu ikifa unaitoa unaweka nyingine dakika kumi, laina ikifa unatoa samaki, maji, mawe na mimea, ndo uifikie.

Angalizo moja: kuna EPDM ya kuezekea paa, ukiiangalia ni ileile, na muuzaji anaweza kukuapia ni ileile. Nyingine zimetiwa kemikali za kuzuia moto au kuvu ambazo samaki hapendi. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni salama kwa samaki, basi.

Kipimo chake: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sm 60 za kulaza ukingoni, sm 30 kila upande. Kwako ni 3 + 1.6 + 0.6 = mita 5.2, na upana 2 + 1.6 + 0.6 = mita 4.2. Lakini usinunue kwa hesabu hii, hii ni ya kukupa picha ya bei. Chimba kwanza, afu chukua kamba uilaze kutoka ukingo huu, ishuke ukutani, ipite chini, ipande upande wa pili, upime kamba, ndo uongeze hizo sm 60. Shimo la kwenye karatasi na shimo la jembe hayajawahi kulingana hata siku moja.

Chini ya laina ondoa kila jiwe na kila mzizi, mizizi iliyokatwa kwa panga ni mibaya kuliko mawe kwa sababu inabaki imechongoka kama mkuki. Mwaga mchanga laini sm 5 chini, afu juu yake kitambaa kizito kile kama blanketi wanachotumia kwenye barabara na mifereji, au zulia kuukuu lisilo na misumari. Mchanga peke yake kwenye kuta haukai, unaporomoka wote chini, kitambaa ndo kinashika. Vipande vinavyobaki usitupe, vitaenda chini ya mawe ya maporomoko.

Kitu kimoja ambacho hakinunuliwi kwa hela nyingi lakini ndo kinaharibu mabwawa mengi ni usawa wa ukingo. Maji hayadanganyi, ukingo ukizidi sm 4 upande mmoja basi upande huo utaona laina nyeusi imetokeza kama fizi, na upande mwingine maji yanamwagika. Chukua ubao mrefu ulionyooka, weka pima maji juu yake, zungusha ukingo wote. Kama ubao haufiki ng'ambo tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, ncha moja huku nyingine kule, kama mafundi wa msingi wanavyofanya. Fanya hivo kabla laina haijaingia, sio baada.

Haya, sasa shemeji arudi, tusome boksi la pampu.

Pembeni ya boksi utakuta namba mbili, kwa mfano Q max 3000 l/h na H max 2 m. Watu wanasoma kwamba pampu itatoa lita 3000 kwa saa ikipandisha mita 2. Sivyo. Lita 3000 ni pale ambapo haipandishi chochote, na mita 2 ni pale ambapo imechoka, maji yamesimama kwenye paipu hata tone halitoki. Hizo namba mbili hazikutani kamwe. Katikati yake, mita 1 juu, utapata kama nusu, na ukiongeza msuguano wa paipu na kona zake, chini ya hapo. Kwa hiyo pampu ya shemeji, kama H max yake ni mita 2, kwenye maporomoko ya mita 1 itakupa kama lita 1400 hivi. Kuzungusha maji inakaribia, manake kwa bwawa la samaki wa dhahabu tunataka maji yote yapite kwenye filta mara moja kila masaa mawili, lita 3700 gawanya kwa 2 ni 1850 kwa saa. Lakini maporomoko yatakuwa yanatiririka kama bomba lililosahauliwa.

Maporomoko ndo yanakula pampu. Kipimo ninachotumia ni lita 150 kwa saa kwa kila sentimita ya upana wa mdomo pale maji yanapodondokea, hapo unapata lile pazia la maji linaloonekana na kusikika. Mdomo wa sm 20 ni lita 3000 kwa saa, ukitaka sm 40 ni lita 6000, na hapo umeme ndo unaanza kulia. Baki kwenye sm 20, panga mawe yabane maji, kwa bwawa la mita 3 panapendeza sana.

Kimo cha kupandisha usikipime kutoka pampu ilipo chini, pima kutoka uso wa maji mpaka juu ya maporomoko, maji yaliyo ndani ya bwawa yanajibeba yenyewe. Tuseme ni mita 1, ongeza kama sm 30 mpaka 50 kwa ajili ya msuguano wa paipu. Kwa hiyo unatafuta pampu ambayo kwenye mita 1.5 inatoa lita 3000. Kwenye maboksi hiyo mara nyingi itakuwa imeandikwa lita 5000 au 6000, H max mita 3 na nusu. Pampu nzuri ina mchoro wa mstari unaoshuka nyuma ya boksi au kwenye karatasi ya ndani, uliza huo mchoro. Muuzaji akikwambia mchoro hauna kazi, kazi yake ndo hiyo niliyokueleza.

Paipu usibane. Pampu ikiwa na mdomo unaopokea saizi mbili tatu, watu wanatumia ile ndogo, milimita 19, kwa sababu paipu yake ni rahisi kufichika. Lita 3000 kwa saa kwenye milimita 19 zinapita kwa kasi karibu mita 3 kwa sekunde, nguvu yote inaishia kusugua kuta za paipu. Weka milimita 32 au 38, fupi iwezekanavyo, na iwe ile yenye mikunjo isiyojibana kwenye kona.

Na watti, hapo ndo bei ya kweli ya pampu ilipo. Hii kitu inawaka saa 24 kila siku, huizimi, manake ukizima bakteria wa filta wanakufa kwa kukosa hewa. Pampu ya watti 60 inakula yuniti 1.44 kwa siku, kama 43 kwa mwezi. Ya watti 120 inayotoa maji yaleyale ni kama 86. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya umeme unayolipa, kwa miezi 12, utakuta ile ya bei rahisi imekuwa ghali kabla mwaka haujaisha.

Chagua pampu inayokubali uchafu mdogo mdogo, inayomeza vipande vya milimita 6 hivi na kuvipeleka kwenye filta, sio zile za chemchemi zenye sponji ndogo inayoziba kila siku ya pili. Kaa mbali na zilizojazwa mafuta ndani kama zile za kutolea maji machafu, sili ikikatika mafuta yanaingia bwawani na umewapoteza samaki wote. Na usiilaze pampu kwenye sakafu kabisa. Hili nililipata kwa machungu: paipu ilichomoka usiku juu kwenye mawe, pampu ikaendelea kutimiza wajibu wake, ikamwaga bwawa lote kwenye maua ya jirani. Nilitoka asubuhi nikakuta samaki wamelala kwenye kitope cha vidole viwili, baadhi bado wanapiga mdomo. Tangu siku ile pampu zangu zinakaa juu ya tofali mbili au zaidi, sm 20 mpaka 25 kutoka chini, zikimwaga zinaishiwa maji kabla samaki hawajaishiwa. Na kila kiungo kinafungwa klipu ya chuma kisichopata kutu, sio waya wa kufungia.

Filta. Hapa boksi linadanganya kwa namna nyingine, likiandikwa "kwa bwawa la lita 6000" mara nyingi wanamaanisha bwawa lisilo na samaki, ukiweka samaki ni nusu, ukiweka koi ni robo. Wewe una lita 3700 na samaki, chukua ya 8000. Au ujitengenezee, mi napenda zaidi ya kujitengenezea: pipa la plastiki la lita 200 lililowahi kubeba kitu cha kula, sio kemikali, maji yanaingia chini, yanapanda kupitia matabaka, yanatoka juu kwa kumwagika yenyewe kuelekea kwenye maporomoko. Chini acha nafasi tope litulie na uweke koki ya kulifungulia, juu yake kitu cha kukamata uchafu kama brashi au sponji nene ya matundu makubwa, juu zaidi kitu chenye sura nyingi za bakteria kukaa, mawe mepesi ya volkano, vipande vya paipu ya plastiki, hata zile nyavu za vitunguu ukizirundika. Pipa la namna hii halina shinikizo, kwa hiyo lazima likae juu ya usawa wa bwawa, lifiche nyuma ya mawe.

Bakteria ndo filta, dada, pipa ni nyumba yao tu. Kuna wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, na wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati ambayo mimea inakula. Wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujijenga, hakuna namna ya kuwaharakisha sana, ukiweza kupata sponji chafu kutoka kwenye bwawa la mtu lenye afya umewahi. Weka samaki wawili watatu kwanza, wape chakula kidogo. Na ukisafisha, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, ukiweka chini ya bomba lenye klorini umeua wote na unaanza upya.

Kwa habari ya klorini, ukijaza maji ya bomba yaache siku moja mbili pampu ikizunguka kabla ya samaki. Ila baadhi ya mamlaka za maji zinatumia kloramini badala ya klorini, hiyo haitoki kwa kuachwa, inataka dawa. Uliza wanaokuuzia maji, ni swali la dakika moja.

Taa ya UV, ile ya miale ya kuua vijidudu, ni ya hiari. Inaua ule mwani mdogo sana unaofanya maji yawe ya kijani kama supu, ule mrefu kama nywele unaoshika mawe haiugusi. Mi ningesubiri msimu mzima kwanza, maji kuwa kijani wiki za mwanzo ni kawaida, mimea ikifunika kama nusu ya uso wa maji mara nyingi yanatulia yenyewe. Ukinunua, ujue balbu inaendelea kuwaka lakini nguvu yake inaisha baada ya mwaka hivi, inabadilishwa hata kama unaiona inang'aa, na usiiangalie kwa macho.

Mimea kwa haraka: yungiyungi kwenye chungu kipana, udongo mzito wa kawaida usio na mbolea, kokoto juu ili samaki wasifukue, mbali na maporomoko manake haipendi kurushiwa maji kwenye majani. Gugu maji hata akikupa mtu bure usilichukue, linazaana kama limetumwa, na sehemu nyingi limekatazwa.

Mawe nayo yapime. Dondoshea siki juu ya jiwe, likitoa povu lina chokaa, litakuwa linapandisha pH pole pole, liweke bustanini sio majini. Yaliyo laini mviringo ndo mazuri, na kila jiwe zito liwe na kipande cha kile kitambaa chini yake. Laina ya maporomoko ni kipande cha peke yake, kinalala juu ya laina ya bwawa kama unavyopanga mabati, la juu linamwagia la chini. Ukikosea hapo maji yanapita nyuma ya mawe na utatafuta tundu lisilokuwepo. Kokoto kutandaza sakafuni mwa bwawa mimi sipendi, inaficha uchafu, ila kuna wenzangu wanaipenda, hatujawahi kuelewana.

Vitu vya kutonunua kabisa, umeuliza: silikoni ya bafuni, imetiwa dawa ya kuvu na inaua samaki, nunua ya akwariamu. Paipu au viungo vya shaba, shaba ni sumu kwa samaki hata kidogo tu. Mabati na wavu wa zinki ndani ya maji. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Na zile seti kamili za bwawa kwenye boksi moja, pampu ndani yake huwa ni kichekesho.

Umeme usimpe shemeji hata kama ni mjuzi wa nyumbani. Fundi wa umeme aweke RCD ya miliampia 30, ile inayokata yenyewe umeme ukivuja, soketi iwe ya nje yenye kifuniko, juu ya usawa ambao maji yanaweza kufika, na waya unaofukiwa chini ya ardhi upite ndani ya paipu ngumu mahali ambapo jembe halifiki. Taa za majini ziwe za volti 12 tu. Na kabla ya kutia mkono bwawani unachomoa plagi, kila siku, hata kama ni kuokota jani.

Nimemuacha mtoto mwisho lakini kwenye ratiba yako awe wa kwanza. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na anazama kimya, hapigi kelele. Kuna njia mbili: uzio wa kuzunguka wenye geti linalojifunga lenyewe na usio na mahali pa kukanyaga kuparamia, au wavu mgumu uliolala juu kidogo ya uso wa maji, unaobeba uzito wa mtu mzima bila kuzama, matundu madogo kichwa chake kisipite. Wavu wa nyuzi wa kuzuia majani sio kinga, akiuangukia unamzungushia. Kama huwezi kufanya kimojawapo sasa, chimba shimo, lijaze mchanga, achezee miaka miwili mitatu, afu ndo uje utoe mchanga uweke laina. Silitanii hilo, nimeshawashauri watu wawili na mmoja kafanya.

Siku ya kujaza, tandaza laina juani nusu saa ilainike, iingize ikiwa imelegea, weka mawe machache tu ukingoni, fungua maji na uache uzito wa maji uivute chini huku wewe unapanga mikunjo michache mikubwa badala ya midogo mingi. Usikate ziada ya ukingoni siku hiyo, subiri wiki udongo ukae. Ukiona maji yanashuka wiki hiyo, zima pampu, weka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa ikiwa imezama nusu, weka alama ndani ya ndoo na nje yake. Zikishuka sawa ni jua, bwawa likishuka zaidi ya ndoo unavuja, na kama linashuka pampu ikiwaka tu basi tatizo liko kwenye maporomoko au paipu.

Chimbeni kwanza. Ukishapata lile shimo, nitumie urefu wa kamba zote mbili na kimo kutoka usawa wa maji mpaka juu ya mawe, na shemeji apige picha nyuma ya lile boksi pale penye mchoro, tuone kama pampu yake inaingia au arudishe hela mfukoni.